Mkono wa Isakki: nani analipia heshima ya wanaume?

Leo naomba tuongee sinema. Musicheke kwanza. Mimi ni mtu wa historia, na historia haikai paka kwenye karatasi za wakoloni na kwenye makaburi ya wafalme. Iko pia ndani ya filme ambazo watu wengi walilia mbele yake.

Mambo yalianzia nyumbani. Usiku mmoja umeme uliporudi, niliangalia pamoja na wadogo zangu filme ya mwaka 1992 inayoitwa Thevar Magan, maana yake "mtoto wa Thevar". Mimi nilikuwa ninawatafsiria maandishi ya chini. Kama kawaida yetu, wao waliiita "filme ya Kihindi". Walipiga makofi kila mara akteri aliposokota masharubu, wakamtukana shefu bandi mpaka mwisho. Filme ikaisha, kila mtu akaenda kulala, isipokuwa wa mwisho kuzaliwa, mwenye miaka 11. Akaniuliza: "Yaya, na ule mwenye balikata mukono, balimupatia nini?"

Nilitaka kumjibu, nikakosa jibu. Nikamwambia aende kulala. Mimi mwenyewe usingizi haukuja, na kwa nini haukuja nitasema pale mwisho.

Tuweke kwanza jambo moja sawa: si kila filme ya India ni ya Kihindi. Watamil wako kusini kabisa mwa India, na wengine wako Sri Lanka. Lugha yao si ndugu ya Kihindi; ina herufi zake na ina mashairi ya karibu miaka 2000. Mji wao mkubwa ni Chennai, ambao mpaka 1996 uliitwa Madras. Studio zao zilijengwa mtaa wa Kodambakkam, njo maana watu wanasema Kollywood. Filme ya kwanza iliyosema Kitamil, Kalidas, ilitoka 1931.

Katika yale mashairi ya zamani kuko maneno mawili ambayo sinema iliyarithi. La kwanza ni veeram, ushujaa. La pili ni maanam. Tunaweza kuliita heshima, lakini ni heshima ile ambayo mtu akiipoteza anaona afadhali kufa. Kuko shairi moja maarufu kuhusu mama mzee aliyesikia kwamba mtoto wake aligeuza mgongo vitani. Mama aliapa: kama ni kweli, atakata matiti yaliyomnyonyesha. Akaenda uwanjani na upanga, akageuza maiti moja baada ya nyingine. Alipomkuta mtoto wake amekatwakatwa, amekufa kishujaa, alifurahi kuliko siku ile alipomzaa. Muangalie vizuri hapo. Ushujaa ni wa kijana, lakini mwili uliowekwa rehani ni wa mama.

Karne ya 20 ilileta maana nyingine ya heshima. Mwaka 1925 mtu mmoja jina lake E. V. Ramasamy, ambaye watu walimwita Periyar, alianzisha harakati ya Kujiheshimu. India iko na kasta, yaani tabaka ambalo mtu anazaliwa ndani yake na hawezi kuhama hata akipata mali au masomo. Chini kabisa wako Dalit, wale ambao zamani waliitwa wasioguswa. Periyar alisema heshima si zawadi ambayo mkubwa anampa mdogo. Mtu anazaliwa nayo. Alifungisha ndoa bila makuhani. Aliuliza pia swali ambalo wanaume wengi hawakulipenda: kwa nini usafi wa ndoa unadaiwa kwa mwanamke peke yake?

Basi tuko na heshima mbili. Moja ni heshima ya kutoinama: mimi ni mtu kama wewe, sitakuabudu. Nyingine ni heshima ya damu: sisi ni watu wa ukoo fulani, na dada zetu ndio ukuta wetu. Kwa jinsi ninavyoona, historia ya mwanaume katika sinema ya Kitamil ni historia ya hizi heshima mbili zikigombania kiti kimoja.

Mwanzoni ile ya kutoinama ndiyo iliyokuwa mbele. Mwaka 1949 C. N. Annadurai, mwanafunzi wa Periyar, alianzisha chama cha DMK. Alikuwa mwandishi wa tamthilia na filme, na alielewa kwamba watu wengi hawasomi magazeti lakini wanajaa kwenye sinema. Mwenzake, M. Karunanidhi, aliandika maneno ya filme Parasakthi ya 1952. Hadithi ni ya ndugu watatu waliokaa Burma na dada yao aliyebaki India, akawa mjane, akateseka na njaa, mpaka kuhani akataka kumharibu ndani ya hekalu. Kaka mmoja anasimama mbele ya mahakama na kuishitaki jamii nzima, kwa Kitamil kitamu ambacho watu walikishika kwa kichwa. Kijana aliyeigiza kaka huyo alikuwa mgeni kabisa kwenye filme. Jina lake Sivaji Ganesan. Mushike hilo jina.

Mwaka 1959 Sivaji aliigiza Kattabomman, mtawala mdogo wa kusini aliyekataa kulipa kodi kwa kampuni ya Waingereza, akanyongwa 1799. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya mwigizaji bora mjini Cairo 1960, kwenye tamasha la filme za Afrika na Asia. Mwaka 1960! Sisi wa Congo tunajua tulikuwa wapi mwaka ule. Mwanaume anayemwambia mkoloni usoni kwamba hatalipa, Afrika nzima ingeelewa bila kutafsiriwa.

Upande wa pili alikuwa M. G. Ramachandran, MGR. Alizaliwa Ceylon mwaka 1917, akakulia kwenye umaskini. Kwenye filme zake mwanaume wa kweli alikuwa hanywi pombe, havuti sigara, anatetea mkulima na mvuvi, na mbele ya mama yake anakuwa mtoto. Hata majina ya filme zake yanasema hivyo: moja ya 1956 maana yake ni kwamba mama anatangulia, mke anafuata, nyingine ya 1961 inasema neno la mama lisikataliwe. Januari 1967 mwigizaji mwenzake, M. R. Radha, alimpiga risasi shingoni. Uchaguzi ulikuwa karibu. Picha ya MGR amelala hospitalini, shingo imefungwa bandeji, ilibandikwa mahali pengi. DMK ilishinda na Annadurai akawa kiongozi wa serikali ya jimbo. Mwaka 1972 MGR alitoka DMK akaanzisha chama chake. 1977 akashika serikali, akaiongoza mpaka alipokufa mwaka 1987. Baadaye alifuata Jayalalithaa, aliyekuwa mpenzi wake ndani ya filme nyingi. Kwa karibu miaka 50 jimbo lile liliongozwa karibu wakati wote na watu wa sinema. Kwa hiyo mtu asiniambie filme ni mchezo wa watoto.

Lakini hata wakati ule mzuri, mwanamke alilipa. Waliposimamisha sanamu za mashujaa wa Kitamil kwenye ufuko wa Marina mwaka 1968, waliweka Kannagi, mwanamke wa utenzi wa zamani. Mfalme wa Madurai alimuua mume wake kwa wizi wa bangili ya mguu aliosingiziwa. Kannagi akaingia mbele ya mfalme, akavunja bangili yake mwenyewe kuonyesha ukweli, kisha akachoma mji. Mimi nikisoma hapo ninaona mwanamke aliyemhukumu mfalme. Wengi walichagua kuona mke mwaminifu. Sinema nayo ilishika sana sana huyo wa pili.

Mwaka 1977 mambo yaligeuka. Bharathiraja alitoa filme 16 Vayathinile, akaipeleka kamera nje ya studio, mpaka kijijini kwenyewe. Akteri wake hakuwa jitu. Alikuwa kijana kilema anayetumwa na kila mtu, na Kamal Haasan ndiye aliyemwigiza. Watu walipenda sana. Kijiji kikawa mahali pa kutafuta "Utamil wa kweli", na hapo hapo hatari ikaingia, juu kijiji kiko na wakubwa wake. Polepole yule kilema akaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na bwana wa ardhi: masharubu, shuka jeupe, panga lililopinda linaloitwa aruval, na kiti chini ya mti ambapo anaamua kesi za watu. Mwaka 1994 filme Nattamai, yaani mkubwa wa kijiji, ilishangiliwa sana. Ndani yake mzee anatoa hukumu: mwanaume aliyembaka mtumishi amuoe, na familia yake itengwe kwa miaka 18. Filme inaonyesha hukumu ile kama haki iliyo juu kabisa. Hakuna aliyemuuliza yule binti kama anataka kulala kila usiku na mtu aliyembaka.

Mjini nako ilikuwa hivyo hivyo. Rajinikanth, ambaye alikuwa kondakta wa basi Bangalore kabla ya kuingia sinema 1975, alikuwa mtu wa watu wadogo, na kwa hilo ninampenda. Lakini kwenye Mannan ya 1992 bosi wa kike mwenye kiburi anaishia kuacha ofisi na kubaki nyumbani. Kwenye Padayappa ya 1999 mwanamke anayetaka kumchagua mwanaume mwenyewe ndiye shefu bandi. Mwanaume akiwa na kiburi tunaita maanam. Mwanamke akiwa na kiburi, tunasubiri aanguke.

Sasa tufike kwenye Thevar Magan. Kamal Haasan ndiye aliyeiandika, Bharathan akaiongoza. Jina Thevar ni jina la kasta halisi, yenye nguvu kusini mwa Tamil Nadu. Sakthi, mtoto wa mkubwa wa kijiji, anarudi kutoka masomo ya Ulaya na mpenzi wake wa mjini. Anataka kufungua biashara ya hoteli za kulia chakula. Ugomvi wa ukoo haumhusu. Baba yake, mzee wa masharubu meupe, anaigizwa na nani? Sivaji Ganesan! Uso ule ule ulioishitaki jamii mwaka 1952, miaka 40 baadaye umekaa kwenye kiti cha ukoo. Kwangu mimi historia yote ya sinema ile iko ndani ya uso huo.

Sakthi, kama msomi yeyote aliyerudi kijijini, anaona mambo ya kijinga na anataka kuyarekebisha haraka. Kuko hekalu lililofungwa na kufuli kwa sababu ya ugomvi wa familia. Yeye anataka kuingia na mpenzi wake, basi anamsukuma mtumishi, Isakki, afungue. Isakki anaogopa, lakini bwana mdogo amesema. Kisha watu wa upande wa adui wanamshika Isakki na kumkata mkono. Anapotembelewa anasema kwamba sasa mkono wa kula na wa kujisafisha ni ule ule mmoja. Watu wanacheka kidogo, wanalia kidogo, filme inaendelea. Baadaye baba anakufa, Sakthi anavaa shuka na masharubu. Anamuoa binti wa kijijini aliyekimbiwa na bwana harusi kwa ajili ya ugomvi huo huo, na yule mpenzi aliyemsubiri anarudi kwao mikono mitupu. Mwishoni Sakthi anamuua adui, anakataa wengine wamfungie, na anawaambia watu waache silaha wapeleke watoto shule.

Maneno yale ya mwisho ni mazuri, hata mimi yananigusa. Lakini watu walibeba nini nyumbani? Wimbo mmoja wa filme unaosifu ukoo ule ukawa wimbo wa fahari ya kasta kwenye sherehe na mikutano. Miaka ile ile ya 1990 wilaya za kusini ziliingia kwenye mapigano kati ya Thevar na Dalit, na watu walikufa. Sisemi filme njo ilileta mapigano. Ardhi, kazi na siasa vilikuwepo kabla yake. Ninasema wale waliotafuta wimbo wa kuimba, waliukuta tayari.

Na heshima ya damu haikubaki kwenye filme. Machi 2016, mjini Udumalpet, mchana, mbele ya watu, kijana Dalit aliyekuwa anasomea uhandisi alikatwa kwa mapanga mpaka kufa, kwa sababu alimuoa binti wa kasta ya juu. Mke wake alikatwa pia, akapona. Kamera ya barabarani ilishika yote. Hakuna aliyepiga makofi ile siku.

Miaka miwili baadaye ilitoka Pariyerum Perumal, ya Mari Selvaraj, ambaye mwenyewe ni mtoto wa kijiji cha kusini na ni Dalit. Nyinyi mulio kwenye masomo, hii muitafute. Pariyan anaingia chuo cha sheria Tirunelveli. Kiingereza hakijui. Mwalimu anafundisha, yeye anaandika asichoelewa, wenzake wanacheka. Nani kati yetu hajawahi kukaa hivyo mbele ya Kifaransa cha mwaka wa kwanza? Binti wa darasa lake anamsaidia, urafiki unakuwa. Familia ya binti inamwita kwenye harusi, inamfungia chumbani, inampiga na kumkojolea. Kuko mzee mmoja mpole ambaye kazi yake ni kuua vijana kwa niaba ya koo zilizoona aibu, na kila kifo anakifanya kionekane ajali. Baba yake Pariyan anacheza ngoma akivaa nguo za kike. Wanafunzi wanamvua nguo na kumkimbiza barabarani. Mtoto anamuona, anajua kwamba uanaume wake hautapimwa kwa masharubu.

Mwishoni Pariyan hamuui mtu. Anamwambia baba wa binti kwamba mambo hayatabadilika kama wao wanaendelea kutaka yeye awe mbwa. Hiyo ni ile heshima ya kutoinama, imerudi baada ya miaka mingi. Lakini tuseme ukweli wote: yule binti hajui mpaka mwisho kitu familia yake ilichomfanyia Pariyan. Wanaume wawili wanamfichia, kila mmoja kwa heshima yake. Hata filme ile nzuri haikumaliza kazi.

Kisha 2023 ikaja Maamannan, ya Mari Selvaraj tena. Mtu mkuu ni mzee Dalit, mbunge, ambaye kwa mkubwa wa kasta ya juu haketi. Anaongea akiwa amesimama. Siku moja mtoto wake anamwambia: baba, kaa. Kiti kimoja tu, na vita vinaanza hapo. Mzee huyo anaigizwa na Vadivelu, mchekeshaji anayejulikana Tamil Nadu nzima. Na Vadivelu njo yule aliyeigiza Isakki mwaka 1992. Mari Selvaraj alisema hadharani, Kamal Haasan akiwa amekaa pale mbele, kwamba Thevar Magan ilimsumbua tangu zamani, na kwamba aliwaza: kama Isakki angekuwa yeye ndiye mkubwa, ingekuwaje? Na anayeigiza mtoto ni mjukuu wa Karunanidhi, yule aliyeandika Parasakthi.

Kumbe swali la mdogo wangu lilikuwa limeshaulizwa, na aliyeuliza alingoja miaka 30 akajitafutia jibu kwa mkono wake.

Bon, sasa niseme kwa nini sikulala. Mwaka niliopata diplome, kuko kikao cha familia kilikaa nyumbani. Dada yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa amepata mchumba. Kijana mtaratibu, ana kazi, lakini "si wa kwetu". Wazee walisema heshima ya nyumba itaanguka. Kisha wakanigeukia: wewe umesoma, andika barua ya kukataa. Nilijisikia mkubwa ile siku, walinipa kiti karibu na baba. Nikaandika kwa Kifaransa safi, kwa adabu, na hata kosa moja la herufi halikuwemo. Dada hakuwa kwenye kikao. Alikuwa jikoni anatupikia. Hajaolewa mpaka leo, na mimi hanisalimii isipokuwa mbele ya watu.

Sikukata mkono wa mtu. Lakini nilikuwa Sakthi: msomi aliyerudi nyumbani, akavaa shuka la ukoo, na mtu mwingine akalipa.

Kwa hiyo siji kwenu kusema desturi zote ni mbaya. Kattabomman alikuwa mtu wa desturi. Yule mama wa uwanja wa vita pia. Ninachotaka tuzoee ni swali moja, kila mara tunaposikia "heshima ya nyumba", "heshima ya kabila", "heshima ya wanaume": nani hakuitwa kwenye kikao, na nani atalipa? Kama jibu ni mtu mwenye amesimama jikoni au mtu mwenye alitumwa kufungua kufuli, basi ile si heshima, ni deni ambalo tunamwandikia mwingine.

Mdogo wangu nilimrudia. Nilimwambia: hawakumpatia kitu, lakini baadaye alipewa kiti. Akafikiri kidogo, akasema: "Sasa mukono ulirudi?"

Hapana, haukurudi. Juma lijalo niko ninaenda kwa dada. Sina barua safari hii.